Tupime Njia, Tusimpime Mama: Mhadhara Kuhusu Tiba ya Wanawake Waliobakwa Bunia



Nianze na hesabu. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka, ambao hapa kwetu tunawaita MSF, waliwahudumia watu 25,166 waliobakwa au kutendewa ukatili mwingine wa kingono katika majimbo matano ya Kongo: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema na Kasai ya Kati. Ni zaidi ya watu wawili kila saa, mchana na usiku, mwaka mzima. Shirika hilo lilikuwa halijawahi kuandika idadi kubwa kama hiyo katika nchi yetu. Lakini takriban tisa katika kila kumi walitibiwa Kivu ya Kaskazini, wengi wao katika kambi za waliokimbia vita kuzunguka Goma. Sehemu ya Ituri ilikuwa ndogo.

Sasa nawauliza. Ituri ilikuwa na amani mwaka 2023? Juni ya mwaka huohuo, katika kambi ya waliokimbia vita ya Lala, eneo la Djugu hapa Ituri, watu zaidi ya 40 waliuawa usiku mmoja. Barabara zetu zilikuwa na vizuizi vya wenye bunduki, mashamba yalikuwa hayaendeki. Hakuna mtu katika ukumbi huu atakayeniambia kwamba wanawake wa Ituri waliachwa salama. Idadi ilikuwa kubwa Goma kwa sababu vita vilikuwa vikali kule, ni kweli, lakini pia kwa sababu kule hema la tiba lilipigwa katikati ya kambi, hatua chache kutoka mahali mwanamke anapolala. Palipo na mlango, watu huingia. Pasipo na mlango, rejista hubaki nyeupe, na mtu wa mbali akiisoma atadhani hakuna msiba.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Miaka mingi tumekuwa tukizipima huduma za waliobakwa kwa kuhesabu waliofika na mifuko ya dawa iliyotolewa. Hesabu hiyo inatuambia habari za mlango tu. Mimi naomba tuipime njia yote anayopita mama, tangu saa aliyoumizwa hadi siku anapomeza kidonge cha mwisho, na tumtafute hasa yule ambaye hakufika.

Tuje kwenye saa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zile za PEP, zinatakiwa kuanza kabla saa 72 hazijapita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Baada ya hapo zinamezwa siku 28 bila kukatiza. Kidonge cha kuzuia mimba kina nafasi ndefu zaidi, siku tano, ingawa nacho kinapoteza nguvu kila siku inayopita. Zipo dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, chanjo ya pepopunda kwa mwenye majeraha. Vyote hivyo unaweza kuvibeba mkononi. Havihitaji mashine kubwa wala daktari bingwa. Muuguzi aliyefundishwa vizuri katika kituo cha kijijini anaweza kuvitoa. Ndiyo sababu kuchelewa kunaniuma kuliko upungufu mwingine wowote.

Tumchukue mama mmoja wa mfano, tusimpe jina. Anatoka shambani huko Djugu, Jumatano, saa kumi na moja jioni, wanamkamata njiani. Anarudi nyumbani akiwa kimya. Alhamisi anasema ni homa. Ijumaa anamwambia dada yake. Dada anatafuta pesa ya pikipiki, na pesa ya kupita vizuizi. Jumamosi wanatoka alfajiri, wanazuiwa, wanasubiri, wanafika mjini Bunia jua likizama. Kwa saa, zile 72 zimekwisha njiani, zikiwa zimebaki kilomita chache. Jumapili asubuhi wanafika kituo cha kwanza wanachoelekezwa. Mlinzi yupo. Muuguzi wa zamu yupo. Dawa zipo pia, ndani ya kabati. Ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa mtu mwingine, naye yuko kanisani. Wanaambiwa warudi Jumatatu.

Jumatatu saa tatu asubuhi anapokelewa. Anaulizwa lini, anajibu Jumatano, na muuguzi anatikisa kichwa: umechelewa, mama. Hapo ndipo kosa kubwa linapotendeka, tena bila nia mbaya. Tangu Jumatano jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 112. PEP imepita, lakini kidonge cha kuzuia mimba bado kina nafasi ya saa nane. Dawa za magonjwa ya zinaa hazijapitwa. Chanjo hazijapitwa. Majeraha bado yapo, usingizi umekimbia, na mtu wa kumsikiliza hajapatikana. Neno "umechelewa" linaitia PEP katika kapu moja na tiba nyingine zote, na mama anarudi Djugu mikono mitupu.

Katika rejista ataandikwa hivi: amepokelewa, amepewa ushauri. Mwisho wa mwezi atahesabiwa mmoja kati ya waliohudumiwa. Mpimaji kutoka mji mkuu au kutoka nje atajumlisha, atagawa, atachora mchoro, na katika mchoro ule ufunguo wa kabati hautaonekana popote.

Nimekaa na rejista za namna hiyo. Swali ninalojiuliza sasa kila nikifungua moja si "wangapi?" Ninatafuta safu mbili: tarehe ya tukio na tarehe ya kufika. Nikizikuta zote zimejazwa, pamoja na saa, najua kituo hicho kina mtu anayefikiri. Nikikuta safu ya tukio iko tupu ukurasa baada ya ukurasa, najua hatuwezi kusema lolote kuhusu tiba ya pale, hata kama jumla yake ni mia tano.

Mlango wenyewe nao una mambo yake. Wakubwa kati yenu mnakumbuka Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia na mji ukagawanyika mitaa kwa mitaa, kabla ya Wafaransa na wenzao wa Ulaya kuja mwezi wa Juni na operesheni yao ya Artemis. Katika siku hizo MSF walifungua hospitali ndani ya jengo lililokuwa la biashara, na jina la biashara likabaki: Bon Marché. Katika miaka minne iliyofuata walitibiwa pale watu zaidi ya 7,000 waliobakwa. Nimeitafakari sana idadi hiyo. Sababu zake ni nyingi, ya kwanza ni ukubwa wa uovu uliokuwa ukitendeka. Lakini naamini ipo sababu nyingine tunayoweza kujifunza kwayo. Bon Marché palitibiwa risasi, palitibiwa watoto, palizalishwa wanawake. Mama aliyesema "naenda Bon Marché" alikuwa hajasema kitu. Jirani hakujua anaenda kwa lipi.

Linganisheni na vyumba tunavyovijenga siku hizi kwa fedha za miradi. Ubao mkubwa, nembo tatu au nne za wafadhili, na maneno yanayotangaza kwamba chumba hiki ni cha waliobakwa. Benchi liko nje, limeelekea njia ya kwenda kisimani. Kuketi kwenye benchi lile ni sawa na kusimama sokoni na kujitangaza. Kisha mpimaji anakuja, anapiga picha ubao, anaandika kwamba huduma "inaonekana vizuri". Inaonekana, naam. Naye mama anaonekana.

Chama cha SOFEPADI, kilichozaliwa hapahapa Bunia wakati wa vita na kuongozwa na Julienne Lusenge, mwandishi wa habari wa redio aliyekuja kupewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023, kiliita kituo chake cha tiba Karibuni Wa Mama. Ni Kiswahili chetu cha Ituri, na kimelenga shabaha. Anayekaribishwa ni mama. Ugonjwa wake haukutajwa, wala aliyemtenda hakutajwa. Sisemi kwamba jina linatibu. Nasema waliolichagua walijiuliza mama ataingiaje, na hilo ni swali la tathmini kabla hata jiwe la msingi halijawekwa.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo wageni wanaotupima hawalioni, nasi wenyeji hatulisemi kwa sauti. Katika Ituri, kitanda cha hospitali kina historia. Tarehe 5 Septemba 2002, pale Nyankunde, katika mojawapo ya hospitali kubwa kuliko zote za upande huu wa nchi, wenye silaha waliingia, na mauaji yaliyoanza siku ile yalimaliza watu zaidi ya 1,000 pale mjini na hospitalini. Wagonjwa waliuawa vitandani kwa sababu ya kabila lao. Msidhani ni habari za zamani. Machi 2024, huko Drodro, mgonjwa mmoja aliuawa kitandani mwake katika hospitali kuu, usiku, na shughuli zikasimama. Basi, kwa kuwa Walendu na Wahema wamepigana katika vita hivi, mwanamke wa Kilendu anapoambiwa aende kituo ambacho muuguzi wake ni Mhema, au wa Kihema anapopelekwa palipo na Mlendu, tusishangae akisita. Hana chuki na muuguzi. Anakumbuka.

Kwa hiyo nikija kupima huduma katika jimbo hili nitauliza: wahudumu wenu wanazungumza lugha zipi? Mama asiyejua Kiswahili vizuri anasema na nani, kwa Kilendu, kwa Kialur, kwa Kibira? Ni mkalimani wa kituo aliyeapa kutunza siri, au ni mfagizi aliyeitwa mbiombio, au ni mtoto wake mwenyewe wa miaka kumi? Nimeona katika kituo kimoja, sitakitaja, mtoto wa kiume akimtafsiria mama yake. Alipofika kwenye lile neno alinyamaza. Muuguzi akasubiri. Mama akatazama sakafu. Mimi nilikuwa pale na daftari la kupimia, na daftari lile halikuwa na mahali pa kuandika kimya kile.

Tutoke kituoni, twende nyumbani. Mama amepewa chupa ya vidonge vya siku 28. Ni chupa nyeupe ya plastiki, na ukiitikisa inalia. Anaishi kambini, tuseme Kigonze hapa mjini, katika kibanda ambacho watu sita au saba wanalala bega kwa bega, kuta ni turubai. Vidonge vile ni vilevile anavyomeza mwenye virusi vya UKIMWI, na chupa ile inajulikana. Mama mkwe akiiona, hadithi imekwisha andikwa: mkwe wangu ni mgonjwa. Atasema nini? Akisema ukweli, huenda akafukuzwa. Akinyamaza, huenda akafukuzwa vilevile. Kwa hiyo siku ya nne anaitupa chupa chooni, na siku ya kurudi kliniki hatokei. Rejista itasema "amepotea".

Hajapotea, ndugu zangu. Tunajua aliko. Muuguzi mwenye busara niliyemwona akifanya kazi alikuwa na swali moja ambalo halikuwemo katika mwongozo wowote: "Mama, hii utaificha wapi?" Wakalizungumza pamoja. Vidonge vikahamishwa kwenye kikaratasi cha kawaida, vikafungwa katika pindo la kitenge. Ningepewa nafasi ya kuongeza safu moja tu katika fomu zote za tathmini, ningeongeza hiyo: je, aliulizwa ataificha wapi? Pamoja nayo, wangapi walifika siku ya 28. Idadi ya waliomaliza ndiyo inayosema kama tiba ilitolewa. Idadi ya waliopewa ni idadi ya chupa tu.

Kuhusu sheria nitapita kwa haraka, maana wanasheria wapo na watasema vizuri kuliko mimi. Tarehe 20 Julai 2006 nchi yetu ilipata sheria mbili za kupambana na ukatili wa kingono. Zilipanua maana ya ubakaji na kuharakisha kesi: uchunguzi mwezi mmoja, hukumu miezi mitatu. Zinamtaka pia mpelelezi amwite daktari na mwanasaikolojia. Hapo ndipo cheti cha daktari kilipopata uzito wake, na hapo pia wengine walipopotoka, wakadhani tiba inangoja karatasi ya polisi. Tiba haingoji. Mama anatibiwa kwanza, awe anataka kushtaki au hataki, na cheti chake hakiuzwi. Mpimaji na aangalie vilevile kilichoandikwa katika vyeti hivyo. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la kutaka upimaji wa ubikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wowote wa kitaalamu na ni kumuumiza mtu mara ya pili. Ukikuta bado unaandikwa, umekuta kidonda ndani ya huduma yenyewe. Na Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la nchi yetu Machi 2018, inampa mwanamke aliyepata mimba kwa kubakwa haki ya kuitoa kwa njia ya kitabibu. Waulizeni wahudumu wenu kama wanalijua hilo. Msiwaulize kama wanalikubali. Waulizeni kama wanalijua, na mama akiwauliza wanamjibu nini.

Makaratasi yana maisha marefu. Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa waasi hapa Ituri, alipatikana na hatia katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, Julai 2019 kwa makosa 18, ubakaji na utumwa wa kingono vikiwemo, kwa mambo yaliyotendeka Ituri mwaka 2002 na 2003. Amri ya kwanza ya fidia ilitoka Machi 2021, na ndani yake watoto waliozaliwa kwa kubakwa walitambuliwa kuwa waathirika wenyewe, si viambatisho vya mama zao. Katika kesi hiyohiyo majaji walilazimika kuzungumzia hasara ya kituo cha afya cha Sayo, karibu na Mongbwalu, kilichoshambuliwa. Hebu fikirini: takriban miaka 18 baada ya tukio, kuna mtu anatafuta rekodi za kituo cha kijijini. Fishi zetu za wagonjwa ziko wapi? Zimefungiwa wapi? Wenye silaha wakija usiku, nani anajua azibebe au azichome? Rejista yenye majina ni ushahidi, na ni hatari. Tathmini isiyoyaangalia yote mawili haijakamilika.

Kuna jambo jingine zito. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, baadhi ya waliokuja kutuokoa waliwatendea uovu wanawake waliokuwa wakitafuta kazi. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, Lusenge akiwa mmoja wa wenyeviti wake wawili, ilitoa ripoti Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Tangu siku ile hakuna mwenye haki ya kupima huduma hizi bila kuuliza: mama akidhuriwa na mtu wa huduma, analalamika wapi? Kisanduku cha maoni kilichotundikwa mlangoni mwa ofisi ya bosi hakitoshi.

Najua swali lililo vinywani mwenu. Kama tunataka kujua haya yote, si itabidi tuwaulize wanawake wenyewe? Hapana, si hivyo mnavyofikiri. Mama aliyebakwa amekwisha kusimulia kwa dada yake, kwa mlinzi, kwa muuguzi, kwa mshauri, kwa mpelelezi. Kila mradi unaomalizika unamletea mgeni mwingine mwenye daftari anayetaka asimulie tena. Kila mara ni kisu kilekile. Yeye ameshapimwa vya kutosha. Tupime njia. Mpimaji achukue pikipiki mwenyewe, Jumapili, bila kutoa taarifa, aje aone nani ana ufunguo. Aketi kwenye lile benchi nusu saa na ahesabu wangapi walimtazama. Asimame nje ya pazia asikilize kama sauti inatoka. Azungumze na waendesha pikipiki wanaowaleta, na wakunga wa jadi wanaojua mambo kabla ya kila mtu, na watu wa kujitolea wa vijijini. Azisome fishi majina yakiwa yamefunikwa. Na mama ambaye kwa hiari yake, baada ya muda, anataka kusema, apewe nafasi ya kusema anachotaka yeye: kilichomsaidia, kilichomuudhi, anachokihitaji leo. Wengi, mkiwapa nafasi hiyo, hawaanzi na tukio. Wanaanza na ada ya shule ya watoto, na mahali pa kulala.

Wanaume na wavulana nao wamebakwa katika vita hivi. Hukumu ya Ntaganda ililisema wazi. Vituo vyetu vimepambwa kwa picha za wanawake, na mwanamume hujiona amekosea njia. Napita, lakini nisingependa kupita kimya.

Mwisho ni fedha. Mwaka 2025 msaada wa Marekani ulipokatwa, kabati nyingi za mashariki ya Kongo zilianza kuwa tupu, na dawa za PEP zilikuwa miongoni mwa vilivyoadimika. Tumejifunza kwa uchungu kwamba dawa ya saa 72 ilikuwa inategemea sahihi ya mtu aliye bara lingine. Bajeti ya jimbo na ya serikali kuu lazima ibebe walau dawa hizi chache, kwa sababu gharama yake si ya kuishinda nchi inayochimba dhahabu Mongbwalu kila siku ya Mungu.

Wengi wenu mtarudi vituoni kesho asubuhi. Nawaomba kitu kimoja. Kabla hamjaandika ripoti ya mwezi, fungueni daftari la stoo mtafute siku ya mwisho ambayo dawa za PEP zilikuwa zimekwisha. Kisha fungueni rejista mwangalie nani alikuja siku hiyo, na mumuulize aliyekuwa zamu: alimwambia nini?